Shaba Hulala Wapi

Jua likizama Kolwezi saa kumi na mbili jioni, saa ya dereva aliyetoka Dar es Salaam husoma saa moja. Wengi hawaibadili. Walipovuka mpaka wa Tunduma walirudishiwa saa nzima, lakini mkononi wameiacha ile ya nyumbani, kwa kuwa ndiyo inayowakumbusha kumpigia mama watoto kabla hajalala. Wakati huo vumbi la barabara za migodini limeshageuka rangi ya chungwa, taa za mitambo zimeanza kuwaka upande wa mgodi wa Kamoto, na kwenye makundi ya WhatsApp sauti za madereva zinapishana: nani yuko wapi, nani kakwama, trafiki wamesimama sehemu gani. Katikati ya maneno hayo kuna swali moja ambalo halikosi kuulizwa. Leo tunalala wapi?

Swali hilo lina uzito wa mzigo wenyewe. Lori moja la shaba iliyosafishwa hubeba kama tani 30. Ni mabamba mekundu ya kathodi, kila bamba karibu mita moja kwa mita moja, yaliyopangwa kwa mafungu, yakakazwa kwa mikanda ya chuma na kufunikwa turubai. Mwaka 2024 tani moja ya shaba ilikuwa ikiuzwa kwenye dola 9,000 hivi, na kuna wakati ilipita hapo kwa mbali. Piga hesabu: nyuma ya kitanda cha dereva kuna mali ya dola 270,000 au zaidi, nje pamefungwa kamba na lakiri, au sili kama wenyewe wasemavyo. Ndani yumo mtu mwenye tochi, sufuria na jiko dogo la gesi, anayejiuliza kama posho yake itamfikisha Nakonde mpakani.

Msomaji wa umri wangu akisikia Kolwezi hukumbuka vita vya Mei 1978 na askari wa Kifaransa walioshuka kwa miavuli. Kijana wa leo huukumbuka mji huo kwa kobalti ya betri. Mji huu uliojengwa na Union Minière ya Wabelgiji, ukarithiwa na kampuni ya taifa ya Gécamines, ndio makao makuu ya jimbo la Lualaba tangu 2015, Katanga kubwa ilipogawanywa. Glencore wako hapa, Wachina wa CMOC wako Tenke na Fungurume, na Kamoa-Kakula, mgodi wa Ivanhoe na Zijin, ulianza kuzalisha mwaka 2021. Kongo sasa inashika nafasi ya pili duniani kwa shaba, na zaidi ya theluthi mbili ya kobalti yote inayochimbwa duniani hutoka kwenye ardhi hii. Enzi za Mobutu jimbo zima liliitwa Shaba, jina la Kiswahili lisilohitaji mkalimani.

Bahari lakini iko mbali. Kutoka Kolwezi hadi bandari ya Dar es Salaam, kwa kupita Likasi, Lubumbashi, Kasumbalesa, Kapiri Mposhi na Tunduma, ni safari isiyopungua kilomita 2,300. Wengine huelekea Durban, Beira au Walvis Bay. Kamoa-Kakula wenyewe wamewahi kueleza kwamba lori likienda bandarini na kurudi hutumia siku 40 hadi 50. Toa siku za kupakia na kushusha, toa siku za mpakani: zinazobaki ni usiku mwingi sana kando ya barabara. Kwa mwaka mmoja dereva wa njia hii hulala kitandani kwake nyumbani mara chache kuliko baharia.

Kwa hiyo ramani anayoijua si ile ya kilomita. Ukimwuliza kutoka Kolwezi hadi Lubumbashi ni umbali gani, hatakujibu kilomita 300. Atakuambia ukitoka mapema unalala Likasi, ukichelewa kupakia unaishia Fungurume, na mvua ikinyesha basi ulale ulipo na usijaribu bahati. Kila jina kwenye ramani hiyo lina sifa zake, nazo hubadilika kwa msimu, hata kwa wiki. Yadi iliyokuwa nzuri mwezi wa sita huwa dimbwi mwezi wa kumi na mbili, na lori lililojaa kufikia tani 56 likizama kwenye tope hilo halitoki bila kamba ya lori jingine.

Yadi nzuri ni ipi? Nimewasikiliza wenye kazi yao wakibishana jambo hili kwa hamasa ambayo wengine huiweka kwenye mpira. Ukuta ni muhimu, lakini ukuta wenye milango miwili ni kama hauna ukuta. Taa ni muhimu, ila taa ikiwa moja tu karibu na geti, wezi hujua kwamba nyuma kote ni kwao. Ardhi iwe ngumu. Pawe na nafasi ya kugeuza semi-trela bila kurudi nyuma kati ya magari mawili gizani, kazi inayomfanya hata dereva wa miaka 20 kazini aanze kusali. Choo kiwepo, na maji ya kuoga yauzwe kwa ndoo kwa bei inayojulikana. Majirani nao huangaliwa: hakuna apendaye kulala ubavuni mwa tangi la tindikali. Mnamo Februari 2019 lori la tindikali lililokuwa likielekea mgodi wa Mutanda liligongana na basi katika jimbo hili, wakafa watu wapatao 20, na madereva wa njia hii hawajaisahau ajali ile. Tindikali, salfa na chokaa ndivyo vinavyopanda kwenda migodini. Shaba na kobalti ndivyo vinavyoshuka. Vyote hulala kwenye yadi zile zile.

Kuliko yote hayo, huangaliwa mlinzi. Si bunduki yake, kwani mara nyingi hana. Huangaliwa kama ni yule yule wa safari iliyopita. Mlinzi mpya ni habari mbaya mpaka athibitike vinginevyo.

Mimi mwenyewe niliwahi kulala kwenye yadi moja ya njia hii, kwenye kiti cha utingo, baada ya dereva aliyenipa lifti kulipia usiku ule na kukabidhiwa risiti yenye muhuri. Asubuhi geji ya mafuta ilikuwa imeshuka. Kifuniko cha tangi kilikuwa kimefungwa vizuri kuliko tulivyokiacha. Mlinzi alipoitwa aliiomba ile risiti, akaisoma taratibu, akatuonyesha kwa kidole: imeandikwa kuegesha, haikuandikwa kulinda. Dereva wangu hakugombana. Aliikunja risiti akaitia mfukoni, na kabla hatujafika barabarani alikuwa ameshatuma sauti kwenye kundi lao. Nadhani hasara ya yadi ile tangu siku hiyo ilizidi sana lita walizotunyonya.

Jioni za Kolwezi zina uzuri wake hata hivyo. Dereva Mtanzania anayeingia mara ya kwanza hushangaa kukuta watu wanamsemesha Kiswahili, halafu hushangaa mara ya pili anapogundua kwamba hakielewi chote. Ugali hapa ni bukari. Kisamvu ni sombe. Samaki wa chumvi ni makayabu. Mama mwenye sufuria tatu kando ya geti atamwambia, "Papa, iko sombe, iko makayabu," na yeye atajibu kwa adabu ya kwao, "Shikamoo mama, naomba ugali na samaki," halafu wote wawili watacheka, yeye kwa sababu ya iko, mama kwa sababu ya shikamoo. Safari ya tatu ameshazoea. Anasema banasema na beko bila kujijua, na akirudi Mbeya watoto wake humcheka. Kongo ilipokubaliwa rasmi katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022 hotuba zilikuwa nyingi kuhusu udugu wa lugha. Udugu huo ulikuwa umeshapikwa zamani kwenye masufuria ya magetini, kwa makala, yaani mkaa.

Mwezi wa sita na wa saba uwanda huu ulioinuka mita 1,400 na ushee juu ya bahari huwa na baridi ambayo mtu wa Temeke haitarajii kuikuta Kongo. Ndipo unapowaona wanaume wazima wamejifunga vitenge mabegani kama bibi harusi, wamezunguka jiko moja la mkaa, wanasubiri chai. Kabati la pembeni mwa tela, lililotengenezwa kwa ajili ya zana, limekuwa jikoni: unga wa Tanzania, mafuta, vitunguu vya Ruaha Mbuyuni vilivyofika mbali kuliko vilivyokusudiwa. Anayekula kwa mama kila siku humaliza posho kabla ya mpaka, kwa hiyo siku mbili hupikwa, siku ya tatu hununuliwa. Wanapika pamoja wa kampuni tofauti, Mtanzania na Mzambia, mara nyingine Mmalawi. Anayekuja na nyama hasafishi sufuria.

Hebu tuwaangalie majirani zao wa barabarani, ambao wana ramani nyingine kabisa.

Kwenye lami hiyo hiyo, hasa upande wa Zambia kwenye ile iitwayo Barabara Kuu ya Kaskazini kutoka Kapiri Mposhi hadi Nakonde, hupita Wazungu wenye magari ya kulala ndani: Land Cruiser zenye hema juu ya paa, malori ya kijeshi yaliyogeuzwa nyumba, na mara moja moja karavani halisi ya kuvutwa. Hao wanatoka Cape Town wanakwenda Nairobi, au wanashuka. Nao jioni ikifika huuliza swali lile lile, na kwao jibu limeandikwa. Wana programu ya simu iitwayo iOverlander, ambamo kila aliyelala mahali huweka alama na kueleza kama maji ya moto yapo na kama mbwa hubweka. Karibu na Mkushi wana Forest Inn. Mbele ya hapo, ukikaribia Mpika, wana Mutinondo, ndani kabisa ya msitu wa miombo penye majabali makubwa ya mviringo. Wana chemchemi ya moto ya Kapishya, karibu na Shiwa Ng'andu, jumba la matofali alilojijengea Mwingereza Stewart Gore-Browne kuanzia miaka ya 1920. Wakivuka kuingia Tanzania wana shamba la Kisolanza, kabla ya Iringa, ambako watu huweka hema chini ya miti na kununua mboga na nyama ya shambani.

Ni mahali pazuri kweli, na sina kinyongo napo. Ninachosema ni kwamba dereva wa shaba hupita kwenye kibao cha Kapishya mara kumi na mbili kwa mwaka na hajawahi kuyagusa maji yale. Njia ya kuingilia ni ya changarawe, lori lake halipindi pale, na hata lingepinda, tajiri anayefuatilia gari kwa setilaiti kutoka Dar angepiga simu kabla hajakanyaga breki mara ya pili kuuliza kwa nini shaba imeacha njia. Chemchemi yake ni ndoo.

Wageni hao hawafiki Kolwezi kwa wingi. Wachache wanaothubutu kuingia Kongo hufuata desturi ya zamani ya wasafiri wa nchi ile: hubisha hodi misheni, huomba kuegesha uani kwa mapadri, na asubuhi huacha chochote. Hakuna uwanja wa kambi wenye namba na bomba, kama ule wa Marekani na Kanada ambako wazee waliostaafu husafiri na nyumba zao kwenda Alaska wakichomeka nyaya za umeme kila jioni. Huku hata umeme wa mji hauwatoshi wenye mji.

Lakini neno karavani linafaa kutusimamisha kidogo, maana shaba ya Katanga ilisafiri kwa karavani kabla Land Cruiser haijaundwa. Bunkeya, ambayo leo imo ndani ya jimbo hili la Lualaba, ilikuwa makao ya Msiri, mtoto wa mfanyabiashara Msumbwa kutoka upande wa Unyamwezi, nchi ambayo leo ni Tanzania magharibi. Baba yake alikuwa akija Katanga kununua shaba. Mwana akaja, akakaa, akatawala. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 Msiri aliuza shaba, pembe na watu kwa pande zote mbili za Afrika: Waovimbundu wakimjia kutoka Benguela kwenye Atlantiki, Waswahili na Wanyamwezi kutoka njia ya Tabora na Bagamoyo. Alipigwa risasi na watu wa Kapteni Stairs, mtumishi wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji, tarehe 20 Desemba 1891, na shaba yake ikapata wenyewe wengine.

Misafara ile ilikuwa na kirangozi, mtu wa mbele, ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kujua mahali pa kulala: maji yako wapi, nani ana chakula cha kuuza, miiba ya kuzungushia boma iko karibu au mbali. Ugogo, ambako maji ni adimu na watemi waliyashika, msafara haukunywa wala kulala kabla ya kulipa. Malipo hayo yaliitwa hongo. Yalikuwa ushuru halali, yenye mjadala na kipimo: nguo kadhaa, shanga kadhaa, na kupiga soga siku mbili tatu mpaka pande zote ziridhike. Kwa hongo ulipata maji, kambi na usalama. Neno limebaki, maana yake imechakaa. Leo kati ya Kolwezi na Kasumbalesa dereva hulipa tozo kwenye vituo vya péage, hulipa maegesho, na halafu hulipa vile visivyo na risiti kwa mtu wa filimbi, mtu wa karatasi na mtu aliyekaa tu. Ukiwauliza madereva, watakuambia kinachowakera zaidi ya fedha ni kwamba hongo ya siku hizi haileti hata maji.

Péage yenyewe siilaumu. Barabara ya Lubumbashi hadi Kolwezi ilikuwa shida tupu kabla haijatengenezwa, na lami ina gharama. Ila tozo hukusanywa kwa lori, na hakuna mahali nilipoona fedha hiyo imegeuka kuwa uwanja wenye changarawe, taa sita na vyoo. Yadi zilizopo ni za watu binafsi walioona nafasi. Tanzania kidogo ilijaribu upande wake: vituo vya ukaguzi wa pamoja vilipangwa Vigwaza, Manyoni na Nyakanazi, lakini Manyoni na Nyakanazi ziko kwenye njia ya kati kwenda Rwanda na Burundi. Anayetoka Tunduma hukutana na Vigwaza peke yake, wakati safari imekwisha na anachotaka ni kufika.

Sasa Kasumbalesa, mpaka wa Kongo na Zambia. Hapa ndipo kambi kubwa kuliko zote ilipo, na haikupangwa na mtu. Ni foleni. Kuna nyakati imefika makumi ya kilomita, magari yamesimama ubavu kwa ubavu pande zote mbili za mpaka, na anayeishia mkiani hujua kwamba amehamia. Agosti 2024, baada ya Kongo kuzuia vinywaji kutoka nje na madereva kuandamana, Zambia ilifunga kwa siku chache mpaka huu pamoja na Mokambo na Sakania. Siku hizo chache zilitosha kuifanya barabara iwe mji.

Kulala kwenye foleni kuna elimu yake. Kitandani hulali; unalala kwenye usukani, maana foleni husogea usiku wa manane bila kengele, na nafasi ya gari moja iliyoachwa wazi dakika tano huwa imepata mwenyewe. Utingo hulala zamu. Dereva asiye na utingo, na kampuni nyingi siku hizi humtuma mmoja kupunguza gharama, hukubaliana na wa mbele yake: ukisogea, gonga mlango wangu. Wanaouza hupita kati ya magari wakiwa na ndizi, mayai ya kuchemsha, maji ya pakiti, vocha, kahawa, sabuni. Wapo wanaouza kingine. Magonjwa ya barabarani yanajulikana tangu miaka ya 1980 na sina jipya la kuyaongezea, isipokuwa kwamba mtu aliyesimamishwa siku tisa mahali pamoja bila choo wala kazi hapaswi kuhubiriwa na aliyelala hotelini.

Usiku wa foleni una milio yake. Kuna injini inayowashwa ili betri isife. Kuna redio ya Chililabombwe, upande wa Zambia. Kuna mlio wa wembe kwenye turubai, ambao wanasema ukiusikia mara moja huusahau: mwembamba, kama mtu anayechana kitenge kipya. Vijana hupanda tela likiwa linasogea polepole, hukata, hutupa chini wanachokipata. Kathodi ni nzito na haziondoki kirahisi. Mifuko ya kobalti huchanika. Ndiyo maana mizigo mingi hutembea kwa konvoi na wasindikizaji kutoka mgodini hadi mpakani, na ndiyo maana dereva hawezi kuchagua yadi aipendayo: konvoi ikisimama, umesimama, ikiondoka saa tisa usiku, umeondoka.

Ukishavuka, mambo hulegea. Chingola, Kitwe, Ndola kuna vituo vya mafuta vyenye nafasi, na Kapiri Mposhi, mahali reli ya Tazara inapoishia, ni mji ulioumbwa na kulala. Kutoka hapo hadi Nakonde ni kama kilomita 800 za msitu, na kati ya Serenje na Mpika mashimo yake yana sifa hadi Dar. Wazee wa kazi hawayalalamikii. Wao, au baba zao, waliisikia njia hii ikiitwa Mbio za Jehanamu. Baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru wao Novemba 1965 na njia ya kusini kuingia mashakani, malori yalipandisha mafuta kutoka Dar kwenda Zambia na kurudi na shaba, kwenye barabara ya udongo, mvua na jua. Walilala chini ya magari. Asubuhi walihesabu nani hakufika. Lami na bomba la mafuta vilikuja baadaye, na Tazara yenye kilomita 1,860 ilikamilika katikati ya miaka ya 1970.

Tunduma tangu 2019 ina kituo cha pamoja cha mpaka, na bado kuna siku foleni hurudi nyuma kupita kata ya Mpemba. Lakini Tunduma ni nyumbani. Chai ina maziwa, na saa ya mkononi hatimaye husema kweli.

Je, haya yote yanakwisha? Mipango ni mingi. Upande wa magharibi, reli ya Benguela iliyokufa kwa vita vya Angola imefufuliwa, na kampuni za Trafigura, Mota-Engil na Vecturis zilipewa kuiendesha kwa miaka 30. Mwishoni mwa 2023 shaba ya majaribio ya Kamoa-Kakula ilipandishwa mabehewa kutoka Kolwezi kuelekea bandari ya Lobito, na Marekani imeweka uzito wake huko. Upande wa mashariki, China ilitia saini mwaka 2025 kuikarabati Tazara kwa dola bilioni 1.4. Msiri angeielewa hali hii bila kuelezwa: Benguela huku, pwani ya Waswahili kule, na mwenye shaba katikati anawasikiliza wote. Zaidi ya hapo kuna barabara na daraja la Luapula kupitia Kasenga, litakalowapeleka madereva Nakonde bila kuigusa Kasumbalesa kabisa.

Nayo kobalti ilitupa mfano wa namna mambo yanavyoweza kugeuka usiku mmoja. Februari 2025 Kinshasa ilisimamisha mauzo yake nje, ikaongeza muda, kisha Oktoba ikaanza kugawa kwa mgawo. Kilichoandikwa magazetini kilikuwa bei ya London. Lakini lori lisilopakia halilali yadini, na lisipolala hakuna anayenunua sombe. Mama wa sufuria tatu hatajwi kwenye mkataba wa reli wala wa daraja. Treni husimama stesheni zake, na stesheni haziko alipojenga kibanda.

Sidhani kama malori yataisha hivi karibuni. Migodi inaongeza shaba haraka kuliko reli inavyoongeza mabehewa. Na kama hayaishi, basi kiwanja kimoja cha serikali kila kilomita mia moja, chenye geti moja na maji, si ombi la ajabu kwa barabara inayopitisha utajiri wa namna hii. Madereva wenyewe wanaweza kukuchorea viwanja hivyo mahali pake kwa dakika kumi, tena bure.

Saa kumi alfajiri yadi ya Kolwezi inaamka kabla ya mji. Utingo anazunguka gari na tochi mdomoni, anagonga matairi kwa chuma akisikiliza mlio wa kila moja, anavuta kamba za turubai. Dereva ameinama nyuma ya tela, anasoma namba ya sili tarakimu kwa tarakimu akilinganisha na picha aliyoipiga jana jioni. Inalingana. Anapanda, anawasha, anaacha injini ipate moto. Halafu anabonyeza simu na kurekodi sauti ya sekunde kumi kwa wale wanaokuja nyuma: nafasi ipo ya magari manne, maji yapo, choo ni kimoja, mlinzi ni yule yule wa mwezi jana.